Swali la Kumi na Saba

Jumatatu, 4 Machi
Hatimaye! Profesa kanipa dodoso lake ili nilitafsiri. Maswali arobaini ya saikolojia, yale yale yanaulizwa nchi kumi na moja, ili ijulikane watu wanatofautiana wapi katika kufikiri. Nikifanya vizuri, nafasi ya msimamizi wa utafiti ni yangu. Mkataba wa miaka miwili! Mke wangu keshamwambia mama yake kwamba nimeipata. Kwa hiyo lazima niipate.
Ila kuna sharti la kipuuzi. Tafsiri yangu atapewa mtu mwingine airudishe kwenye lugha ya mwanzo bila kuona dodoso la asili, kisha Profesa alinganishe. Yaani haniamini. Miaka sita nipo hapa!

Jumatano, 6 Machi
Swali la kumi na saba linanitoa roho. Mistari minne! Linamtaka mtu aseme ni kwa kiasi gani anajiona yeye ni yeye, mbali na watu wake. Nimeliandika mara tisa. Nikamsomea mke wangu. Akauliza nani anataka kujitenga na watu wake, na kama nina mpango wa kuhama. Nikasema ni utafiti tu. Kaninunia mpaka sasa.
Nimeliruka. La kumi na nane nimelipa namba kumi na saba. Nani atahesabu?

Alhamisi, 7 Machi
Profesa anatafuta wa kurudisha tafsiri. Nikampendekeza shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye kwa miezi minane sasa kazi yake ni kulinda kochi langu. Lugha anaijua, hilo nakubali. Kwa Profesa nikasema ni bwana mmoja nilikutana naye maktaba. Hata anakoishi sikujui.
Anaishi sebuleni kwangu.

Jumamosi, 9 Machi
Shemeji mzito huyu! Ukurasa mmoja, asubuhi nzima na chupa nzima ya chai. Akiboronga yeye, nitaonekana nimeboronga mimi. Mchana nikaona isiwe taabu, nikampa dodoso la asili. Alitazame kidogo tu, abadilishe maneno hapa na pale. Akasema kwani si imekatazwa? Nikamwambia aache ugumu, sisi ni ndugu. Kabla ya magharibi kamaliza. Akili ni mali!

Jumanne, 12 Machi
Balaa. Profesa katuita ofisini sote wawili. Akaanza kwa sifa: tafsiri iliyorudi inafanana mno na dodoso lake. Nikatabasamu. Kisha akaweka karatasi mezani. Zangu, maswali thelathini na tisa. Za yule bwana wa maktaba, arobaini. Akaniomba nimweleze, taratibu, swali la kumi na saba limerudije ilhali halikwenda.
Nikasema huenda shemeji ana kipaji.
Shemeji! Limenitoka kwa mdomo wangu mwenyewe. Naye hapo hapo akamwaga kila kitu, hadi habari za chai.
Profesa hakufoka. Alisema tukiuliza swali moja huku na jingine kule, watu wetu wataandikwa kuwa wako tofauti, kumbe aliye tofauti ni mtafsiri mvivu. Hilo liliniuma kweli. Kama dakika tano hivi.

Ijumaa, 15 Machi
Nafasi kapewa shemeji! Eti alipoulizwa alisema kweli. Na swali la kumi na saba kalitafsiri kwa nusu saa, akilijaribu kwa dada yake jikoni mpaka lilipoeleweka. Mke wangu kampigia mama yake kwamba nafasi imebaki nyumbani. Mama mkwe kafurahi. Anasema tangu mwanzo alijua mwanawe ataiweza.

Jumatatu, 18 Machi
Damu nzito kuliko maji. Shemeji kanipa kazi ya majaribio: nitafute watu thelathini wasiojuana, kila mmoja ajaze dodoso peke yake bila kusaidiwa. Nikifanya vizuri, atanisemea kwa Profesa.
Thelathini! Na jua hili! Bahati nzuri kochi sasa liko wazi. Nimejilaza, nimeshajaza kumi na wawili. Safari hii niko makini: kalamu nne tofauti, na kila mtu nimempa umri wake na kazi yake. Swali la kumi na saba bado linanishinda, kwa hiyo wote nimewaachia wazi. Nani atahesabu?