Mstari wa Kumi wa Fomu ya Viwanja

Bondeni kwa Mzee Mwishehe,
Nyuma ya Mwananyamala,
Dar es Salaam.
14 Juni 1976

Ndugu Katibu wa Viwanja,

YAH: KUOMBA MTO NG'OMBE UANDIKISHWE KUWA NYUMBA YA KUMI

Natumaini u mzima na ofisi yako ni kavu. Sie huku bondeni ni wazima kiasi cha kuandika barua. Mie ni mama wa mtoto mmoja, Sesilia, wa miezi minane, na mke wa Polikarpo mchonga vinyago. Nimefika darasa la saba, kwa hiyo majirani wameona ni mie wa kukusumbua.

Shida yetu ni hii. Ofisi yako ilitangaza kuwa watu wa bondeni watapewa viwanja pakavu, huko Boko, na kwamba mjumbe alete maombi kwa fomu moja ya nyumba kumi. Na sie tulikuwa kumi. Masika haya mto ukachukua nyumba ya Bi Somoe, ukuta, mlango na komeo lake, naye akahamia kwa dada yake Temeke. Tukabaki tisa. Mjumbe wetu, Mzee Mwishehe, alipopeleka fomu, karani wako Ndugu Revelian aliigeuza mbele na nyuma, akamrudishia.

"Mzee," akasema, "fomu ina mistari kumi. Mstari mtupu ni mlango wa walanguzi."

Mzee akamweleza kuwa nyumba imekwenda na maji. Karani akamshauri arudi nyumba ikirudi.

Ndugu Katibu, haitarudi. Paa lake lilionekana mara ya mwisho likipita Jangwani bila kuaga. Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba mto wenyewe uandikwe kwenye mstari wa kumi. Sababu zangu ni hizi:

1. Mto ni mkazi. Ulikuwepo kabla ya Mzee Mwishehe, na yeye alihamia hapa akiwa bado na nywele. Hauna kwao kwingine, wala haujawahi kwenda likizo.

2. Unakaa ndani kuliko sie. Mwezi wa nne mto uliingia kwangu bila hodi, ukalala chumbani siku tatu, ukaondoka na kandambili moja ya mume wangu, ya kulia. Mgeni hafanyi hivyo. Hiyo ni tabia ya mwenye nyumba. Tangu siku hizo Sesilia anakohoa. Namlaza kwenye beseni, na beseni naliweka juu ya meza, ili maji yakija aelee. Baba yake haenei kwenye beseni, atajua mwenyewe.

3. Una makosa yote ya mwananchi. Msaragambo wa Jumamosi wa kuzibua mitaro hauji, ingawa mitaro yenyewe ni yake. Mkutano wa mtaa ulihudhuria mara moja tu, na waliotoka ni sie. Sembe ikifika duka la ushirika sie tunapanga foleni tangu alfajiri. Mto wenyewe uliingia kwa mlango wa nyuma, ukalowanisha magunia manane, na hakuna aliyeuambia ukae kwenye mstari. Ningekuwa mie, ningeshaitwa mhujumu. Mwenye makosa ya mkazi apewe na jina la mkazi.

4. Fomu inauliza hali ya uchumi ya kila nyumba na matarajio yake. Ya mto ndiyo ya kutia moyo kuliko zetu zote. Sie kila masika tunapungukiwa, wenyewe kila masika unaongeza. Sasa hivi una mlango wa Bi Somoe, sufuria zangu mbili, na vinyago saba vya Polikarpo. Mpingo hauelei, kwa hiyo vyote bado vipo huko chini. Tumeambiwa mali ni ya wote. Naomba na mto uambiwe.

5. Ikiwa ofisi inaona haya kuuita nyumba, basi upewe ujumbe wa nyumba kumi kabisa. Ndio unaotuamsha, unaotuhesabu, na unaotukusanya wote mlimani bila tarumbeta wala mgambo. Mzee Mwishehe amesema yuko tayari kuuachia, mradi na lawama uzichukue.

Sitaki ukubwa, Ndugu Katibu. Nesi ameniambia wazi kuwa kifua cha Sesilia hakitahimili vuli nyingine ndani ya maji. Nataka sakafu kavu kabla ya mwezi wa kumi, na sitaacha kuandika.

Wasalimie wa nyumbani kwako, na Ndugu Revelian pamoja na mihuri yake yote. Mzee Mwishehe anasema marahaba, hata kama hukumwamkia.

Ni mie, katika ujenzi wa taifa, nikianzia na matope,

Anastasia Polikarpo

Baada ya kuandika: Barua hii imekaa wiki tatu ikingoja bahasha, maana dukani hakuna. Mzee Mwishehe alichoka kungoja, akaujaza mstari wa kumi kwa mkono wake. Karani aliigeuza fomu mbele na nyuma. Aliona mistari imejaa, akagonga muhuri. Jana orodha ilibandikwa: kila nyumba kumi zimepata kiwanja kimoja, cha mkazi wa siku nyingi kuliko wote. Chetu kapewa Ndugu Mto, jina la baba Ng'ombe. Sie tisa tungoje.

Majirani walikaa, wakamsikiliza mtoto anavyokohoa, wakakubaliana. Kwa hiyo naomba yote niliyoandika hapo juu dhidi ya Ndugu Mto yafutwe. Hajaingia kwa mtu, sembe hajaigusa, na vinyago ni vya mumewe. Ni mama mtulivu, ana mtoto mmoja. Jumatatu mkiita jina lake pale dirishani, nitaitika mie.