Habari za Jerotich Aliyekataa Kuwaita Kulungu kwa Namba

Sogeeni, enyi kaumu ya Hyattsville na Adelphi, nyinyi mliotoka zamu na nyinyi mnaovaa viatu kwenda zamu. Tueni mikoba, zinyamazisheni hizo simu, mpate kusikia vita vilivyopiganwa Jumamosi alfajiri katika bonde la majani nyuma ya maegesho ya bustani ya kaunti, vita ambavyo damu haikumwagika hata tone, ila kahawa, nayo ilimwagikia suruali ya shemasi.

Alikuwapo Jerotich, Mama Jeptoo, Mgeuza Wazee Vitandani, Mpanda Ngazi za Ghorofa Sita Lifti Ikifa, mwanamke ambaye kwa miaka kumi na mitano katika nchi hii alikuwa ametazama dari za vyumba vya watu zaidi kuliko alivyotazama mbingu. Mtihani wa uwindaji aliufaulu. Lakini chama cha wawindaji wapya kilikuwa na desturi yake: kila mwaka humchagua mwanafunzi mmoja, mmoja tu, kikampeleka kwenye milima ya magharibi ya mbali akajitolee kuhesabu kondoo mwitu, wale wenye pembe zilizojikunja kama mkia wa kinyonga. Maana, husema mwalimu wao Kalisti, mzee wa Moshi mwenye subira ya jiwe la jikoni, ajifunzaye kumtazama mnyama saa tatu bila bunduki ndiye atakayejua wa kumpiga na wa kumwacha siku atakapoishika. Na kabla ya kondoo, mtu ajaribiwe kwa kulungu wa hapa hapa, hao wanaokula maua ya watu na kuvuka barabara bila kutazama taa.

Jerotich alichunga kondoo tangu meno ya utoto. Aliposikia kuna kondoo wasio na boma wala mwenyewe, moyo wake ulipiga magoti. Aliitaka nafasi ile kuliko likizo.

Aliitaka pia Phineas, shemasi, Mvaa Nguo za Majani-Majani kuanzia kofia hadi soksi, ambaye karatasi ya bei ilikuwa bado inapepea kwapani mwake kama bendera ya taifa lisilotambuliwa. Mkononi alishika silaha ya kutisha: kihesabio cha chuma, kile cha kubonyezwa kwa kidole gumba. Tik. Tik.

"Mama Jeptoo," akanguruma kwa kunong'ona, wakiwa wamelala kifudifudi juu ya umande, "hapa hatubadilishi shuka. Umekuja na nini?"

"Na macho, shemasi. Wewe ficha hiyo karatasi. Kulungu watadhani umekuja kurudisha nguo."

"Jamani," akasema Kalisti, "mnyama anasikia. Kila mtu na hesabu yake, tutakutana mwisho."

Ndipo jeshi likatokea. Likatoka msituni kwa vikosi, pua mbele, masikio yakipepea, likaingia bondeni kwa fahari ya wenye nchi; na Phineas, alipoliona, akalirukia kwa kidole gumba chake, tik huku, tik kule, akimbonyeza kila aliyeinua kichwa, hata kikombe chake kikapinduka, kahawa ikashuka kwenye suruali, naye hakulia, alibonyeza tu. Jerotich hakusogea. Aliwatazama kama amtazamavyo mgonjwa asiyeweza kusema panapomuuma: huyu anakanyagaje, yule anamfuata nani, huyu ametoka wapi na amekwenda wapi. Jua likapanda. Jeshi likashiba, likarudi msituni.

"Haya," akasema Kalisti, akikunjua fomu. "Shemasi?"

"Kulungu kumi na wanne!" akatangaza Phineas, akiinua kihesabio kama kichwa cha adui. "Chuma hakidanganyi."

"Hata mimi nina kumi na wanne. Safi. Mama Jeptoo?"

Jerotich akafunga darubini aliyoazimwa na chama. "Mimi siwezi kuwaita kwa namba, mwalimu."



"Kwetu, chenye uhai hakinyoshewi kidole kikaambiwa wewe wa tatu, wewe wa nne. Ukikihesabu, unakiitia mauti. Hata kondoo wetu hatukuwahesabu, na jioni akipotea mmoja tulijua ni nani."

Phineas akacheka mpaka karatasi ya bei ikatikisika. "Aki Mungu wangu! Mwindaji anaogopa kuwaletea mkosi wanyama anaotaka kuwapiga!"

"Nitakayempiga nitampiga kwa leseni, shemasi. Si kwa mdomo."

"Mama," Kalisti akasema kwa upole, "fomu inataka namba. Bila namba hakuna fomu, na bila fomu hakuna kondoo."

Loo! Angeitamka tu namba moja, milima yote ingekuwa yake. Nayo ilikuwa pale ulimini, ya moto kama kiazi. Jerotich akaimeza.

"Nitakutajia wenyewe," akasema. "Hesabu wewe, dhambi iwe yako."

Kalisti akasita, kisha akanyosha vidole. Na Jerotich akanena mbele ya hadhara ya watu wawili:

"Mama mwenye sikio lililochanika. Wanawe wawili, wa madoa na anayechechemea. Dume mwenye pembe zenye manyoya. Kijana wake wa vipembe kama vijiti vya meno. Bibi aliyebonyea mgongo. Yule anayetafuna kama mchungaji anayesubiri sadaka. Dada wawili wasioachana. Mwenye kovu pajani. Na yule mwoga aliyebaki ukingoni, miguu bondeni, roho msituni."

Vidole vya Kalisti viliisha kabla ya yule mwoga, ikabidi aazime kidole gumba cha Phineas.

"Kumi na mmoja," akasema. "Umepungukiwa na watatu, mama."

"Sijapungukiwa. Sikio-Lililochanika alizunguka nyuma ya kile kichaka na wanawe, akatokea upande wa pili. Mmemkaribisha mara mbili kama mgeni wa harusi."

 Kalisti aliifuata simu yake, aliyoiacha juu ya kishikizi cha miguu mitatu ikirekodi bonde lote, wakaiinamia, vichwa vitatu juu ya kioo kimoja. Akapita mama mwenye sikio lililochanika na wawili nyuma yake. Dakika tisa. Akapita tena, sikio lile lile, wa madoa, anayechechemea.

"Ala," akasema Phineas. Kihesabio chake kilisema kumi na nne, na hakikuwa na kitufe cha kurudi nyuma.

Mwalimu aliyefundisha miaka kumi akafuta namba yake mwenyewe kwa kalamu, akaandika nyingine, kisha chini yake, kwa herufi kubwa, jina la Jerotich. "Kondoo wanakungoja, mama. Nawe utakaa na mtu wa kukushikia kalamu."

"Hongera, Mama Jeptoo," shemasi akasema, akikung'uta majani. Ilimtoka kwa shida, lakini ilimtoka.

Basi na iandikwe, na atakayebisha aende kwenye fomu: siku ile, katika jimbo la Maryland, mwindaji mpya ambaye hajawahi kufyatua risasi aliwaondoa duniani kulungu watatu kwa mkupuo mmoja, na hakuna hata mmoja wao aliyeumia, kwa kuwa hawakuwapo.