Vita vya Upawa wa Dengu Kule Lautoka

Sogeeni, mliokaa na mliosimama. Wenye vyungu jikoni wapunguze moto, kwa maana habari hii haitaki kukatizwa. Ni habari ya Vasiti Rokotuivuna, binti wa pwani ya Kadavu, mpima vyakula wa jiko la Suva, asiyetishwa na sufuria, jinsi alivyoivuka nchi ya Fiji toka Suva hadi Lautoka, akaingia katika jiko la watu, akapima bakuli la supu.

Katika miji hiyo miwili watu themanini wenye sukari ya kupanda walikuwa wamekubali kula bakuli la dengu kila adhuhuri kwa majuma manane, ili ijulikane kama dengu huishusha. Suva ikashuka. Lautoka haikutikisika. Daktari Kamini, jemadari wa utafiti ule, alizitandaza karatasi za miji yote miwili mezani, akazitazama kama mtu atazamaye ramani ya nchi iliyoasi.

"Dengu ni zile zile," akamwambia Vasiti. "Majiko yetu yasipokubaliana, hakuna atakayetuamini, na mimi mwenyewe sitajiamini. Nenda ukaone."

Vasiti akaifunga mizani yake katika taulo, kama upanga urudishwao alani, akaenda. Na tuseme kweli, alikwenda akiwa na hakika kwamba mkosaji si yeye.

Jiko la Lautoka lilitawaliwa na Isikeli Nabobo, mtu wa milimani, mwenye viganja kama makasia na moyo mpana kuliko viganja. Alipoiona mizani alicheka.

"Mtani, nyinyi wa pwani mnahesabu mpaka miiba ya samaki kabla ya kumkaribisha mgeni."

"Na nyinyi wa milimani mnapika mpaka chungu kinaomba likizo. Karatasi inasema upawa mmoja. Pakua kama kila siku, mimi nipime."

Wa kwanza alikuwa Mzee Jagdish, mkulima wa miwa, mwembamba kama muwa wenyewe. Isikeli akauzamisha upawa, akaupandisha ukiwa na kilima, na juu ya kilima akaweka kimya kimya kipande cha jimbi, kiazi kilichojaa wanga. Gramu mia nne na kumi. Akafuata mama mmoja mnene. Gramu mia na tisini.

"Huu nao ni upawa mmoja?" Vasiti akauliza.

"Upawa ni ule ule, watu ndio hawafanani. Mzee huyu kafiwa na mke mwaka jana. Unataka nimtazame usoni nimpunje?"

"Na jimbi? Halikuandikwa."

"Halikukatazwa pia."

Mzee Jagdish akaweka kijiko chini. "Isikeli, mwanangu. Wiki nane wananitoboa kidole, sukari iko pale pale. Nikadhani mwili wangu ndio mbishi, kwamba namfuata mke wangu. Usiku silali."

Yule simba wa milimani akaketi juu ya gunia la dengu, asijue mikono yake aiweke wapi.

Vasiti, akitaka kuonyesha jinsi Suva wafanyavyo, akautwaa upawa, akapakua mabakuli kumi kwa madaha ya mtu aliyekwisha shinda. Kisha akayapima. Mia mbili na sitini. Mia tatu na thelathini. Mia mbili na themanini. Hayakupatikana mawili yaliyolingana.

"Kumbe na pwani kuna vilima," Isikeli akasema kwa upole.

Masikio ya Vasiti yaliwaka kwa aibu. Angeweza kuyarudisha chunguni, na nani angejua? Akayaandika yote kumi, ya kwake juu na ya Isikeli chini, akampigia simu Daktari. "Kosa si la Lautoka peke yake. Hata sisi tulikuwa tunabahatisha. Itabidi turudie yote."

Kule Suva, Daktari akazikusanya karatasi zake mezani. "Basi turudie. Lakini andikeni kila kitu, hata asiyejua kupika aweze kufuata."

Wakapigana siku mbili bega kwa bega: dengu zilowekwe saa ngapi, maji vikombe vingapi, kifuniko kiwe wazi au kifungwe. "Chumvi kidogo" ilipinga kutoka asubuhi hadi chakula cha mchana, ikaanguka, ikazikwa kama gramu nne. Upawa ukavuliwa cheo, bakuli likawa gramu mia tatu kamili, na jimbi likafukuzwa. Na huruma ya Isikeli nayo ikapewa mstari wake: mpishi aketi na wageni baada ya kula, azungumze nao apendavyo, mikono mitupu.

Siku ya tatu, Jumanne, Mzee Jagdish, ambaye kwa miaka sabini na mmoja hakuwahi hata kuchemsha maji, alifungwa aproni akapewa karatasi. Saa ile ile kule Suva mfagiaji wa ofisi alipewa karatasi kama hiyo. Simu ilikuwa wazi mezani. Mzee akapakua: mia tatu na sita. Akapunguza kwa kijiko cha chai, akapunguza tena, jasho likimtiririka, wala hapana aliyethubutu kumsaidia.

"Mia tatu," akasema.

"Mia tatu," Suva ikajibu.

Kama dengu hushusha sukari, hapakuwa bado na ajuaye. Lakini sasa njia ya kujua ilikuwapo. Basi na iandikwe katika tarehe za dunia, kwamba Jumanne ile, kabla ya saa saba mchana, majiko mawili yaliyotengwa na milima yalipakua bakuli moja.