Samli Nusu, Hewa Nusu

Jumatatu, 9 Juni 2025. Nyanungu.
Baridi. Mdomo umeniponza tena. Jana kule Kerende, nyumbani kwa kina Agness, Emanueli, ambaye naye anamtaka Agness, alileta mfuko wa sukari akausimamisha mlangoni kana kwamba yeye ndiye mchumba. Mchumba ni mimi! Nikajikuta namwahidi mama yake Agness ndoo nzima ya samli Jumapili. Akasema vizuri, wazee watakuwepo, siku hiyo hiyo watasema kama nampata binti yao au simpati. Nimerudi nyumbani nikauliza samli. Mama yangu kasema ipo nusu ndoo, tena nishukuru.

Jumatano, 11 Juni.
Kuomba kwa majirani siwezi, Emanueli atasikia. Halafu nikamkumbuka mwalimu Kornelio wa darasa la tano. Alisema hewa ni maada, na maada yoyote huchukua nafasi. Basi ichukue nafasi kwenye ndoo yangu. Chupa mbili tupu za soda, za plastiki, vizibo vimekazwa. Samli ikishaganda haionyeshi kilichomo. Nitaoa kwa akili ya shule ya msingi.

Alhamisi, 12 Juni.
Shida. Nimeyeyusha samli, nimetumbukiza chupa, zimeibuka. Nazikandamiza, zinaibuka. Zina ubishi kuliko mbuzi. Mama kanikuta nimezishikilia kwa mwiko, akauliza napika nini bila moto. Nikamjibu ni sayansi. Akanikumbusha kwamba darasa la tano nilirudia. Mwisho nimezibana kwa vijiti, nimeiacha ndoo kwenye baridi.

Ijumaa, 13 Juni.
Imeganda. Nimechomoa vijiti, nimepiga lipu juu kwa kijiko. Ndoo imejaa hadi ukingoni. Nyepesi kidogo, ila nani atapima?

Jumapili, 15 Juni.
Nimeumbuka. Mwanzo ulikuwa mzuri: shikamoo kwa kila mzee, ndoo ikasifiwa, Emanueli akaitazama kwa wivu. Kichwa kikanivimba. Kisha mama yake Agness akasema wageni hawali ugali mkavu, akaisogeza karibu na mafiga ilainike. Nikamwambia samli ya kwetu huharibika ikiona moto. Akauliza tangu lini. Nikaomba nikae jikoni niiangalie. Akanifukuza.

Ilipofunuliwa mbele ya wazee, chupa zilikuwa zinaelea, zimevimba kama vyura. Samli nusu ndoo, basi. Emanueli akauliza kama hiyo ndiyo nyama. Nilitamani kulia. Agness aliinama, mabega yanamtetemeka, nikajua nimempoteza. Kumbe anacheka.

Mama yake alizitoa chupa, akapangusa samli kwa kidole asiipoteze. Akasema taratibu kwamba haozi binti kwa ndoo, ningeleta nusu angepokea nusu. Anataka mkwe wa kuaminika tu. Amewaomba wazee wanipe Jumapili moja zaidi. Nilete kilichopo, kikiwa kikombe kiwe kikombe. Agness alinisindikiza mpaka barabarani, akaniambia hii ndiyo nafasi ya mwisho, nisimwaibishe tena.

Jumatatu, 16 Juni.
Nimelala vizuri. Mama wa watu ana roho nzuri, siwezi kumwangusha. Mama yangu kanipa kibuyu kimoja cha samli mpya. Nimekaa nayo mbele ya ndoo nyingine, nikatafakari kwa makini kosa langu lilikuwa wapi. Nimeliona. Ni hewa. Hewa inaelea.

Nimeshuka mtoni nikachagua jiwe. Kubwa, zuri, la mviringo. Hili litatulia chini.