Uraka Ndani ya Debe la Kasiani

Ijumaa, 14 Oktoba 1955. Masasi.
Kesho safari ya kwaya! Magari matatu, yote makuukuu: langu, la Kasiani fundi cherehani, na la Baba Scholastika, mkuu wa msafara. Tunapanda Newala, tunalala, kisha tunateremka bonde la Ruvuma kula samaki kando ya ziwa. Watu wanasema magari haya yatasukumwa zaidi kuliko kuendeshwa. Wivu tu.

Siri yangu ni Magdalena wa Newala. Kwenda ziwani atapanda na akina Baba Scholastika. Kurudi, amemwambia Mama Scholastika, atapanda gari litakalofika ziwani la kwanza. Hilo ni langu! Nikishakaa naye njia nzima nisimpose, nitakuwa na kasoro. Kasiani naye anamtaka, maskini. Amepakia madebe ya maji. Nimemcheka sana. Newala ni bomani, maji yatakosekanaje? Mimi napanda mwepesi.

Jumamosi, 15 Oktoba. Newala.
Wa mwisho. Nimeingia nikisukumwa na wanakwaya. Rejeta kavu! Nikapiga hodi nyumba ya kwanza, nikamwaga shikamoo zangu zote, nikaomba debe la maji. Mama mwenye nyumba akanitazama kama nimemwomba mtoto wake. Akanipa ugali, kisamvu, na uraka, pombe ya mabibo, ninywe mpaka nishibe. Maji, akasema, yako bondeni kabisa, wanayafuata alfajiri na kurudi jua kali. Nyumba ya pili vivyo hivyo, na uraka mwingine wakanijazia debeni. Kufika jioni nina debe zima la uraka na sina tone la maji.

Ndipo akili ikaniwaka. Wenzangu walipokwenda kuwasalimu wazee, nikabadilisha madebe. Maji ya Kasiani yaliyobaki kwangu, uraka wangu kwake. Aweke uraka kwenye rejeta tuone! Sikuona haya hata kidogo.

Jumapili, 16 Oktoba. Ziwani.
Baada ya misa tukateremka. Mchanga mtupu, magari yakachemka. Mimi nikajaza maji, nikawapita wote nikipiga honi. Wa kwanza! Nikakaa. Nikala mhogo wangu. Nikawatazama viboko, nao wakanitazama. Hakuna mtu.

Jua lilikwisha kuinama walipotokea wakiimba. Kumbe gari la Kasiani lilikauka njiani, akafungua debe, akakuta uraka. Wote wakadhani ni takrima yake! Wamemsifu, wamecheza barabarani, hata Baba Scholastika na mguu wake mbovu. Uraka ukaisha, gari bado kavu. Ndipo Magdalena akashusha mtungi wake wa maji ya kunywa, aliyoyachota mwenyewe, akaumimina wote ndani ya rejeta. Mama Scholastika, mzaliwa wa Newala, amenieleza taratibu: huku uraka unampa mgeni yeyote, maji unampa mtu wako.

Nikamkumbusha Magdalena ahadi yake.

“Ni kweli nilisema gari la kwanza, kaka Benedikto,” akasema. “Lakini maji yangu yamo katika lile. Nitayaachaje?”

Kaka! Niliumia. Niliumia kweli. Halafu samaki wakaletwa, ngoma ikaanza upya, nikacheza kuliko wote.

Jumatatu, 17 Oktoba. Masasi.
Nimerudi salama na samaki na nzi. Kasiani amenikumbatia, amesema anajua ni nani aliyetia uraka, na bila mtu huyo asingepata mchumba. Ameniomba niwe msimamizi wake wa harusi. Nimekubali, sina kinyongo.

Nimelitafakari sana kosa langu, na nimelipata. Uraka ni mtamu mno. Harusini tutapanda tena Newala, na Yuliana, mdogo wake Magdalena, ameahidiwa nafasi katika gari la mwalimu Marko. Marko naye hubeba debe la maji ya akiba. Nimekwisha kumwomba Mama Scholastika debe la supu ya samaki, nayo nitailaza siku mbili. Nani atacheza ngoma kwa supu iliyochacha?