Bafu la Kijapani Shambani kwa Mama Georgette

Mheshimiwa mwakilishi wa mheshimiwa ambaye hakuweza kufika. Wenyeviti, wenyeviti wasaidizi na wanaotarajia kuwa wenyeviti. Wachungaji wa makanisa yenye spika na yasiyo na spika. Wafanyabiashara wa Misiera. Ndugu zangu wakimbizi wa kambi ya Nakivale, hoyee! (Makofi, hasa ya kamati.)

Nasimama mbele yenu mimi, Gad, Katibu Mratibu wa Kamati ya Uratibu wa Maendeleo Jumuishi, nikiwa nimerejea kutoka Japani kwa ziara ya mafunzo ya siku tisa, ambako kwa niaba yenu, na kwa uchungu mkubwa, nililala kwenye hoteli ya kisasa ambayo kila chumba kina bafu lake la maji ya moto yanayotoka ardhini yenyewe, bila kuni, bila mkaa, bila mtu kupuliza moto. (Minong'ono.) Niliteseka, ndugu zangu! Nikaambiwa nioge kwanza, nijisugue hadi nitakate, ndipo niingie kwenye bafu. (Mzee Venuste: “Mutu amesha kuoga, anaingia tena kufanya nini?”) Swali la kitaalamu hilo, Mzee! Mimi nilidhani mkalimani kakosea, nikaingia na sabuni yangu, nikafua na soksi humo humo, povu likapanda hadi dirishani. (Kicheko.) Msicheke! Huko ndiko kubadilishana uzoefu. Meneja mwenyewe alikuja mbio.

Ndiyo maana, kwa kuzingatia ushirikishwaji wa mastekiholda wote, mwezi uliopita tuling'oa maharage ya Mama Georgette, hapa hapa mlipokaa, kupisha Hoteli ya Kimataifa ya Nakivale: vyumba mia nne, mabafu mia nne! Maji ya moto ya ardhini hatuna, lakini hilo ni suala dogo la kiufundi. Watalii watapita mji wa Mbarara bila kugeuza shingo, na boda boda wote wa Kakoba watahamia hapa. Asilimia tisini na saba ya wananchi waliunga mkono. Asilimia tatu iliyobaki ni Mama Georgette na watoto wake watano.

(Mama Georgette: “Mukubwa, maharage ilikuwa imeshatoa maua! Chakula ya musaada walipunguza. Batoto batakula maji ya moto?”)

Subira, Mama. Mvumilivu hula mbivu.

(“Muling'oa ikiwa mbichi!” Kelele.)

Tulieni! Nakivale, chemka! Maendeleo, moto! Nawashukuru Wajapani, ambao bado hatujawaambia chochote. Namshukuru mchoraji wa ramani, ambaye tutamtafuta. Nawashukuru wafadhili, ambao wakijitokeza tutawatangaza. Na zaidi ya wote namshukuru Mama Georgette, aliyetoa shamba lake kwa mradi ambao, nasema kwa uwazi na uwajibikaji, haujaandikwa popote. Makofi kwake!

(Hakuna makofi. Mama Georgette ameinuka na jembe. Wanawake wa safu ya mbele wanasogeza viti.)

Mama, unachimba nini hapo? Hapo ni bafu namba moja! Mama! Jamani, askari yuko wapi? Mzee Venuste, hata wewe? Mheshimiwa mwakilishi, samahani sana, inua mguu kidogo, wanapanda maharage.