Geti Linalopitisha Trela

Jumatano. Mawingu mazito tangu asubuhi, mvua inanukia lakini haishuki.

Leo nimejiaibisha hapa Malaba, na si kidogo. Nawaambia mwenyewe kabla hamjaletewa na wengine.

Mnajua kazi yangu ni tairi za malori, ndani ya yadi. Asubuhi akaingia Mama Amoit na kombaini ya kuvuna mpunga. Ya kukodi, siku moja tu, kesho inavuka Uganda kwa mtu mwingine. Mpunga wake umeiva na shamba bado lina maji. Mvua ikiukuta haujakatwa, unalala kwenye tope na msimu umeisha.

"Fundi, iwekee tairi mbili mbili hapo mbele, isizame."

Hapo nikajiona daktari. Wafula, dereva wa kombaini, alitaka tairi za lori, zimejaa hapa. Nikakataa. "Hizo ni za lami, boss. Kwa tope zitateleza kama sabuni." Nikachagua za trekta, meno marefu, kimo sawa na zile za mashine yenyewe. (Hapo nilikuwa sawa. Naomba likumbukwe.)

Mama Amoit akauliza, "Si tufungie kule kando ya shamba?"

"Huko jeki itazama, mama. Hapa kuna simiti."

"Na geti?"

Nikacheka. Siwezi kuficha, nilicheka. "Mama, hilo geti linapitisha trela kila siku. Hii itashindwaje?"

(Baada ya chai akauliza tena. Kusema haki, aliuliza mara tatu.)

Saa sita nati zote zimekazwa. Nikatangulia getini kuongoza kwa mikono, kifua mbele. "Kuja, kuja, kuja." Tairi ya kushoto ikagusa nguzo. Nikasema rudi, lete kulia. Ya kulia ikagusa ukuta. Lete kushoto. Nguzo.

Ndipo akili ikanijia. Lori huvaa tairi mbili mbili na halinenepi, kwa sababu zote zinakaa chini ya bodi. Hizi zangu nilizifunga kwa nje, zimetokeza kama masikio. Asubuhi mashine iliingia vizuri. Mimi ndiye niliyeinenepesha.

Nyuma malori manne yanataka kutoka yawahi foleni ya mpaka. Madereva wakashuka. Mganda mmoja akaizunguka mashine polepole, mikono nyuma.

"Ssebo, bwana mkubwa, hii uliijengea humu ndani?"

Mwingine akasema, "Mwambie avue viatu, atapita."

Tukavua viatu. Nati moja moja, watu wakihesabu kwa sauti. (Kusema haki tena, hao hao waliocheka ndio waliozisukuma zile tairi hadi kwenye pikapu ya Mama Amoit.)

Kando ya shamba nikatoa jeki huku naangalia tope. Mama Amoit akashusha kutoka pikapu mbao mbili pana za kuwekea jeki. Alikuwa nazo tangu asubuhi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Karibu shambani, fundi."

Tukazifunga tairi upya hapo hapo, na kombaini haikuzama hata kidogo. Matone ya kwanza yalianguka Wafula akiwa mstari wa mwisho.

Nikarudi nyumbani nikidhani habari haijafika. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, akaupima mlango kwa macho, akanipima na mimi.

"Pole pole, Baba Sharoni. Utapita?"

Tumekula ugali na omena. Nimekula nikiangalia sahani.